Si kila kompyuta nzito ina kirusi: pima kwanza, ndipo utibu

Wazazi wa Tabora wanaijua vizuri kauli ya wahudumu wa afya kwamba si kila homa ni malaria. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na kwa miaka mingi mtoto akichemka tu alinyweshwa dawa ya malaria bila kupimwa. Siku hizi tone moja la damu kwenye kipimo cha haraka linatoa jibu ndani ya dakika 20 hivi, na mzazi anaondoka kituoni akijua anachotibu.

Kwa kompyuta ya nyumbani, familia nyingi bado ziko enzi za kabla ya kipimo. Mashine ikianza kuwa nzito, hukumu hutolewa papo hapo: ina kirusi. Au mbaya zaidi: mtoto ameiharibu kwa magemu. Dawa nayo hutolewa papo hapo. Mmoja anapakua programu ya "kuongeza kasi" aliyoiona kwenye tangazo, mwingine anaipeleka kwa fundi "ikapigwe Windows upya", na wa tatu anamfungia mtoto kompyuta mwezi mzima.

Suala hili lina nafasi yake kwenye ukurasa wa familia kwa sababu kompyuta ya nyumbani siku hizi inabeba mambo makubwa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anabadili tahasusi zake mtandaoni. Aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) mtandaoni, baada ya kuhakiki cheti chake cha kuzaliwa RITA, nako ni mtandaoni. Dada yake anatuma maombi ya kazi kupitia Ajira Portal. Kila kimoja kina siku yake ya mwisho, na kompyuta inayochukua dakika kumi kuwaka huonyesha uzito wake wote usiku wa siku hiyo. Hapo ndipo usingizi unapopotea na maneno makali yanapotoka.

Basi swali la mzazi ni hili: kompyuta nzito inaweza kuharakishwa? Na kama inaweza, ni kwa njia gani isiyoleta hasara kubwa kuliko uzito wenyewe?

Kirangozi na wapagazi wake

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote. Kwenye kompyuta nyingi za nyumbani hapa nchini mfumo huo ni Windows. Kazi yake ni kuamua programu ipi ifanye kazi sasa, ipi isubiri, faili liwekwe wapi na lichukuliwe wapi.

Wanyamwezi wa karne ya 19 wangeielewa kazi hiyo haraka. Kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, njia ile ile iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa, kila msafara ulikuwa na kirangozi. Yeye ndiye aliyetangulia na kuongoza mwendo. Mpagazi wa kawaida alibeba mzigo wa karibu kilo 30, mbali na vitu vyake mwenyewe. Tabora ilikua kwa sababu hapo misafara ilipumzika, wapagazi wakabadilishwa na mizigo ikafungwa upya.

Kirangozi hata awe hodari kiasi gani, hakuweza kuukimbiza msafara ambao kila mpagazi ana mizigo miwili kichwani. Wala hakuweza kuukimbiza msafara wenye mizigo myepesi lakini wapagazi wamevimba miguu. Kompyuta nzito ina maswali hayo hayo mawili. Je, mzigo umezidi, yaani programu na mafaili ni mengi mno? Au miguu imechoka, yaani vifaa vyenyewe ni vya zamani, vimejaa vumbi au vinakaribia kufa? Tiba ya la kwanza haisaidii la pili, na kinyume chake. Ndiyo maana kipimo kinatangulia.

Kipimo cha dakika kumi

Kipimo hiki hakihitaji fundi wala bando. Kwanza, izime kompyuta kwa kuchagua neno "Restart", ili ijiwashe upya yenyewe. Wengi hufunga tu kifuniko cha kompyuta mpakato jioni na kukifungua asubuhi, wiki hata mwezi, na mashine haijapata kupumzika. Wengine huchagua "Shut down" wakidhani wameizima kabisa. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa kwa njia hiyo huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo ili ziwake haraka kesho yake. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli. Baadhi ya kompyuta hupona hapo hapo.

Ikiwaka, isubiri dakika tano bila kufungua kitu. Kisha bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo "Task Manager". Ndani yake kuna safu zenye asilimia, na tatu ndizo muhimu.

Ya kwanza ni "CPU", yaani kichakataji, ubongo wa mashine. Kompyuta ikiwa imetulia bila kazi, namba hii inapaswa kuwa ndogo. Ikikaa juu ya asilimia 80 kwa muda mrefu wakati hakuna kilichofunguliwa, kuna programu inayoila mashine kwa siri. Jina lake litaonekana juu kabisa ya orodha ukibonyeza neno "CPU". Huenda ni Windows yenyewe inajisasisha, na hapo subira inatosha. Huenda pia ni kirusi.

Ya pili ni "Memory", yaani kumbukumbu ya muda, ile inayoitwa RAM. Hii ni kama meza ya kazi. Ikiwa ndogo, kila unachotaka kukisoma lazima kwanza uondoe kingine. Ikifika asilimia 85 au 90 ukiwa umefungua vitu viwili tu, meza ni ndogo kwa kazi yako.

Ya tatu ni "Disk", ghala la kuhifadhia kila kitu. Hii ndiyo inayowashangaza wengi. Kwenye kompyuta za mtumba zenye diski ya zamani ya kuzunguka, namba hii mara nyingi hukaa asilimia 100 kwa dakika nyingi baada ya kuwasha, huku kichakataji kikiwa hakina kazi kubwa. Maana yake ubongo uko tayari, lakini unasubiri vitu kutoka ghalani.

Ziandike namba hizo tatu kwenye karatasi, au zipige picha kwa simu. Karatasi hiyo ndiyo majibu ya maabara ya kompyuta yako.

Kabla ya dawa yoyote, tunza nakala

Jambo moja halisubiri majibu ya kipimo. Vyeti vilivyoskaniwa, picha za watoto, barua za kazi, kumbukumbu za chama au kikoba, vyote vinakiliwe kwenye flashi au diski ya nje ambayo itakaa kabatini, mbali na kompyuta. Diski inayochukua dakika kumi kuwasha mfumo inaweza kuwa inakufa, na haitatoa taarifa ya siku yake. Ukisikia inagongagonga kwa ndani kama saa ya ukutani, usiendelee na majaribio. Nakili kwanza.

Nakala hizi pia ni kinga kwa fundi mwenye haraka. Kupiga Windows upya kunaweza kufuta kila kitu, na familia nyingi hugundua hivyo baada ya kulipa.

Mzigo ukizidi

Kama kipimo kinaonyesha mzigo, tiba yake ni bure. Kwenye dirisha lile lile la "Task Manager" kuna sehemu iitwayo "Startup" au "Startup apps". Hiyo ni orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka, hata kama hakuna aliyeziomba. Utakuta za kupiga simu za video, za muziki, za printa iliyoshauzwa, za magemu. Kila programu unayoisakinisha hupenda kujiweka hapo. Zile unazozijua na huzihitaji kila asubuhi, zibonyeze na uchague "Disable". Hazifutiki. Zitafunguka pale tu utakapozifungua mwenyewe. Ile usiyoijua, iache mpaka uulize, na ya kinga dhidi ya virusi usiiguse kabisa.

Kisha nenda kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa na uondoe zisizotumika. Angalia hasa programu za kinga. Windows 10 na 11 zinakuja na kinga yake ya ndani, Microsoft Defender, ambayo inatosha kwa familia nyingi mradi isasishwe. Nyumba yenye programu mbili za kinga zilizosakinishwa na watu wawili tofauti huwa na mashine ambayo walinzi wanagombana mlangoni wakati mwenye nyumba anataka kuingia.

Kivinjari nacho kina mchango wake. Kurasa 30 zilizoachwa wazi tangu wiki iliyopita zinakaa mezani zote, yaani kwenye RAM. Mfundishe kijana kuhifadhi anwani ya ukurasa anaoutaka na kuufunga.

Mwisho, angalia ghala. Diski inayohifadhi mfumo ikikaribia kujaa, Windows inakosa nafasi ya kufanyia kazi zake yenyewe. Acha walau asilimia 15 wazi. Filamu na video za harusi ndizo zinazokula nafasi, na mahali pake ni kwenye diski ya nje. Windows yenyewe ina sehemu ya kusafisha mafaili ya muda, iko kwenye mipangilio chini ya neno "Storage". Hakuna haja ya programu nyingine kwa kazi hiyo.

Miguu ikichoka

Kama "Disk" inakaa asilimia 100 na mzigo umeshapunguzwa, tatizo ni kifaa. Kompyuta nyingi za mtumba zina diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika kwenye kompyuta mpakato, na mkono mdogo unaokimbia huku na huko kutafuta faili. Diski ya aina ya SSD haina kinachozunguka. Ya kawaida husoma karibu MB 500 kwa sekunde, wakati ile ya kuzunguka hufika kwenye MB 100 hivi, na pale inapotafuta mafaili madogo madogo tofauti huwa kubwa zaidi ya hapo.

Kwa kompyuta ya zamani yenye kichakataji kizuri, kubadili diski kuwa SSD ndiyo tiba inayoonekana kuliko zote. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa huanza kuwaka chini ya dakika moja. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Ikiwa shida ni "Memory", kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi GB 8 husaidia, lakini muulize fundi kwanza kama kompyuta hiyo inaruhusu kuongezwa. Nyingine RAM yake imechomelewa na haibadilishwi.

Lipo pia tatizo la hali ya hewa. Kiangazi cha Tabora ni kirefu, takribani Mei hadi Oktoba, na vumbi lake huingia popote penye tundu. Feni ya kompyuta huvuta hewa pamoja na vumbi hilo mpaka njia ya hewa inaziba. Kichakataji kikipata joto kali hujipunguza kasi chenyewe ili kisiungue. Kompyuta inayofanya kazi vizuri asubuhi na kuwa nzito mchana, huku feni ikivuma, inahitaji kusafishwa vumbi. Dawa ya kasi haitaigusa shida hiyo. Na ile tabia ya kuitumia kitandani juu ya blanketi huziba kabisa tundu la hewa lililo chini yake.

Umeme nao una sehemu yake. Kompyuta ya mezani, au mpakato ambao betri yake imekufa, umeme ukikatika ghafla huzimika katikati ya kuandika faili. Ikitokea mara nyingi, mafaili ya mfumo huharibika na mashine huanza kuganda. Betri mpya au kifaa cha UPS hulinda zaidi kuliko programu yoyote ya kurekebisha.

Dawa za mtaani

Sasa zile programu za "kuongeza kasi". Tangazo lake hutokea ghafla kwenye skrini: kompyuta yako ina makosa mamia, bonyeza hapa kuisafisha. Makosa hayo kwa kawaida ni mafaili madogo yasiyo na madhara yoyote, au hayapo kabisa. Nyingi ya programu hizi hufanya kile ambacho Windows inafanya bure, kisha zinajiweka kwenye orodha ile ile ya "Startup" na kuongeza mzigo. Zile zinazodai kusafisha "registry", yaani daftari la ndani la mfumo, zinaweza kufuta kinachohitajika. Microsoft yenyewe imeshasema wazi kwamba haiungi mkono matumizi yake.

Hata programu yenye jina zuri ina hatari yake. Mwaka 2017 wahalifu walipenya kwa watengenezaji wa CCleaner, mojawapo ya programu za kusafisha kompyuta zilizopendwa zaidi duniani, na kupachika programu haramu ndani ya toleo halali. Kwa takribani mwezi mmoja, kati ya Agosti na Septemba, watu waliipakua kutoka chanzo chake rasmi. Kompyuta zipatazo milioni 2.27 zilipata toleo hilo. Kompyuta ambayo mzazi anaitumia kuingia benki au barua pepe haipaswi kufunguliwa mlango kwa ahadi ya kasi.

Dawa nyingine hatari ni kuzima masasisho. Ushauri huu unatolewa sana: zima apdeti, zinakula bando na kuifanya mashine nzito. Ni kweli zinakula bando, na ni kweli kompyuta huwa nzito wakati zinashuka. Lakini familia ijue inachouza. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa duniani ndani ya siku moja, kikifunga mafaili na kudai fidia. Kilipita kwenye ufa wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imeshatoa sasisho la kuuziba tangu Machi mwaka huo. Waliosasisha walikuwa salama. Wengi ambao hawakusasisha waliingiliwa, na karibu theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma za Uingereza zilivurugiwa kazi. Miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuwa 19,000 iliahirishwa au kufutwa.

Njia ya kati ipo. Kwenye mipangilio ya intaneti, Windows ina sehemu ya kuitambulisha simu inayogawa intaneti kuwa ni ya kulipia kwa kipimo, nayo hupunguza upakuaji wa kujiendea. Kisha familia ichague siku moja kwa wiki, penye bando la usiku au Wi-Fi, ya kuruhusu masasisho yashuke yote.

Kuna na Windows ya "kuvunja", ile inayosakinishwa bila leseni kwa programu ndogo ya kuidanganya. Programu hizo za udanganyifu humtaka mtumiaji azime kinga kwanza. Anayekuomba uzime mlinzi ndipo aingie, usishangae ukikuta kitu kimepungua.

Na kama kweli ni kirusi?

Virusi vipo, na flashi zinazozunguka kati ya steshenari, shule na nyumbani ndizo basi lake. Dalili zake zina sura yake: folda kwenye flashi zimegeuka kuwa njia za mkato, kivinjari kinafungua kurasa ambazo hukuziomba, "CPU" iko juu bila sababu, au kinga imezimwa na haiwaki. Ukiona hivyo, fungua Windows Security, chagua ukaguzi kamili na uuache umalize, hata kama ni saa kadhaa. Ukishindwa kuondoa, hapo ndipo kupiga Windows upya kunakuwa tiba sahihi, baada ya kutunza nakala.

Windows 10 imeachwa, je, kompyuta itupwe?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani waliopewa nafasi ya kujiandikisha wanapata masasisho ya usalama ya nyongeza hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na vichakataji ambavyo kwa ujumla ni vya kuanzia mwaka 2018 hivi. Kompyuta nyingi za mtumba hazifiki hapo.

Njia mojawapo ni kubadili kirangozi. Mifumo ya Linux ni bure na halali, na mingine imetengenezwa ikiwa myepesi kwa mashine za zamani. Linux ilianza mwaka 1991 kwa kazi ya mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Toleo lake mashuhuri, Ubuntu, lilianza mwaka 2004 chini ya Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Kivinjari, barua pepe na uandishi wa nyaraka kupitia LibreOffice vinafanya kazi vizuri. Tatizo ni pale mtoto anapohitaji programu ya Windows pekee shuleni au chuoni. Ulizia kwanza, kisha uamue.

Lini uiache kama ilivyo

Kuna kompyuta ambazo hazihitaji kuharakishwa. Ikiwa inawaka kwa dakika mbili, inaandika barua, inafungua ukurasa wa HESLB na kuchapa, imeshatimiza kazi yake. Kuikimbiza zaidi kwa kubadili mipangilio ya ndani iliyotajwa kwenye video za mtandaoni kunaweza kuleta sekunde chache za faida na wiki ya usumbufu. Mtoto mwenye nyuzi joto 37 hapewi dawa ya homa.

Hali ni hiyo hiyo kwenye simu ambayo pengine unaisomea makala hii. Android inasimamia kumbukumbu yake yenyewe. Programu za kuongeza kasi ya simu, na ile tabia ya kufunga kila kitu kila dakika, huilazimisha kufungua upya kila programu na kula chaji zaidi. Futa video zisizohitajika kwenye makundi ya WhatsApp, sasisha, zima na uwashe. Inatosha.

Kwa fundi, na kwa mtoto

Mazungumzo ya dukani mara nyingi huenda hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine imekuwa nzito mno."

"Hiyo tuipige Windows upya tu mama, jioni unaichukua."

Mzazi mwenye karatasi ya namba tatu ana la kujibu: "Sawa baba, lakini nimeona diski inakaa asilimia mia. Hebu nipimie afya ya hiyo diski kwanza, na mafaili yangu usiyaguse." Fundi mzuri atafurahi. Kipo kipimo cha afya ya diski ambacho anaweza kukufanyia ukiangalia, na jibu lake linaonekana kwenye skrini. Asiyetaka kupima, tafuta mwingine.

Kwa mtoto, karatasi hiyo hiyo inafanya kazi nyingine. Gemu lililosakinishwa linaweza kujaza diski, na hilo litaonekana kwenye kipimo. Lakini mtoto hawezi kuizeesha diski ya miaka kumi wala kuleta vumbi la kiangazi. Kijana aliyelaumiwa kwa kosa lisilo lake hujifunza kuficha. Siku atakapobonyeza kiungo kibaya kweli, au mtu asiyemjua atakapomwandikia, hatasema. Kwa usalama wa mtoto mtandaoni, kusema mapema kuna thamani kuliko kasi yoyote.

Afadhali mfanye kipimo pamoja. Vijana wengi wa sekondari wataielewa "Task Manager" haraka kuliko wazazi wao, na watajivunia kukabidhiwa kazi ya kuikagua kila mwezi. Wakati mnasubiri ikague, mkumbusheni macho pia: kila baada ya dakika 20 mbele ya skrini, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Mwembe wa uani unatosha.

Na maombi yenye siku ya mwisho yaanzwe wiki moja kabla. Leo usiku, kabla ya kufuta, kubadili au kununua chochote, chukua flashi safi na unakili vyeti vya watoto.